Ushuru wa mafuta ya kula ulimfikia mkulima wa alizeti? Namna ya kulipima hilo bila kujidanganya

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni afisa mipango katika halmashauri moja ya Mkoa wa Dodoma, na ninasoma shahada ya uzamili ya uchumi. Tasnifu yangu inauliza kama ushuru wa forodha uliopandishwa kwenye mafuta ya kula mwaka 2018 ulimsaidia mkulima wa alizeti wa Dodoma na Singida. Msimamizi wangu anapendekeza nichukue nchi 40, niweke kiwango cha ushuru upande mmoja na uzalishaji upande wa pili, kisha nifanye regresheni (hesabu ya kitakwimu inayopima uhusiano wa vitu hivyo viwili). Mwenzangu kazini anasema inatosha kulinganisha bei ya gunia kabla na baada ya Julai 2018. Nifuate lipi?

Jibu: Ndugu afisa, ukifuata la msimamizi utapata jedwali zuri lisilojibu swali lako. Ukifuata la mwenzako utapata jibu la haraka ambalo mfanyabiashara yeyote wa soko la Kibaigwa atalipangua kwa sentensi moja. Swali lako lina njia ya tatu, nayo inafanyika kwa takwimu zilizopo bure. Kwanza tuone hizo mbili zinaharibikia wapi, maana makosa yake yatakufuata hata huko utakakokwenda.

Nchi hazipangiwi ushuru kwa kura. Serikali hupandisha ushuru pale wakulima wake wanapolia kuwa bei imeanguka au viwanda vya ndani vimezima mashine. Kwa hiyo ukiweka nchi 40 kwenye mstari mmoja utakuta mara nyingi ushuru mkubwa umekaa pamoja na uzalishaji dhaifu, na kompyuta itakuandikia kuwa ushuru unaua kilimo. Hapo utakuwa umepima sababu ya kupandisha ushuru, wala si matokeo yake. Kuongeza vigezo kama pato la taifa, mvua na idadi ya watu hakuondoi tatizo hilo, kwa sababu kilio cha wakulima hakina safu yake kwenye takwimu.

Jambo la pili ni ubora wa namba zenyewe. Takwimu za uzalishaji unazopakua FAOSTAT, hifadhi ya takwimu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zina safu ya alama ambayo wanafunzi wengi huifuta wanaposafisha faili. Usiifute. A ni takwimu rasmi ya nchi, E ni makisio, na I ni namba iliyojazwa kwa kukokotoa. Ukiacha alama hizo utajikuta unapima athari ya sera kwenye namba ambazo hakuna aliyezihesabu shambani. Kuna kipimo kirahisi cha kuchuja uzalishaji wa alizeti wa nchi yoyote: zidisha tani za mbegu kwa 0.25, upate tani za mafuta yaliyopaswa kukamuliwa, kisha jumlisha na mafuta yaliyoingizwa na ugawe kwa idadi ya watu. Jibu likionyesha kila mtu anakunywa mafuta kama maji, namba ya uzalishaji imetiwa chumvi.

Halafu sampuli ya nchi ni ndogo mno kiasi kwamba nchi tano tu zinaweza kugeuza hitimisho. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala iliyosema nchi zenye deni la serikali linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa wastani wa asilimia hasi 0.1. Mawaziri wa fedha wa Ulaya na wabunge wa Marekani waliitumia kutetea kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, pamoja na Michael Ash na Robert Pollin, walirudia hesabu hizo. Waligundua kuwa fomula kwenye jedwali ilikuwa imeziruka nchi tano za mwanzo kwa alfabeti, kuanzia Australia hadi Denmark, na kwamba baadhi ya miaka iliachwa na uzito wa wastani ulipangwa kwa namna ya ajabu. Walipoyarekebisha yote, wastani ukawa asilimia 2.2. Mwelekeo wa kushuka ulikuwepo bado, ila ule mporomoko wa ghafla kwenye asilimia 90 uliondoka. Mwambie msimamizi wako hilo kwa heshima. Ni mwanafunzi aliyefungua faili na kukagua kila seli.

Sasa njia ya mwenzako. Kuanzia mwaka wa fedha 2018/19 Tanzania ilitoza asilimia 25 kwa mafuta ghafi ya kula na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa. Lakini mawese, ambayo ndiyo hupanga bei ya mafuta yote nchini, yalikuwa yanashuka bei duniani wakati huohuo: wastani wa 2019 ulikuwa karibu dola 600 kwa tani, chini ya ule wa 2017. Ukilinganisha kabla na baada, ushuru utaonekana haukufanya kitu. Sogeza dirisha mbele na hadithi inageuka: wastani wa mawese ulipita dola 1,100 mwaka 2021 na kukaribia 1,280 mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipoanza Februari na Indonesia ilipofunga mauzo ya mawese nje kuanzia 28 Aprili hadi 23 Mei. Ukitumia miaka hiyo, ushuru utaonekana umefanya miujiza. Sera ni ileile, jibu linategemea ulipokata kalenda.

Swali la msingi basi ni hili: nani asimame badala ya mkulima wa Iramba au Kongwa ambaye ushuru haukupandishwa? Mkulima huyo hayupo, na kazi yako yote ni kumtafutia mtu wa kukaa kwenye kiti chake. Usimtafute kwa mruko mmoja kutoka bandarini hadi mfukoni mwa mkulima. Kata mnyororo viungo vinne: ushuru hadi bei ya mafuta Dodoma, bei ya mafuta hadi bei ya alizeti shambani, bei ya alizeti hadi ekari zinazolimwa, ekari na bei hadi kipato cha kaya. Kila kiungo kina takwimu zake na kina mtu wake wa kulinganishwa naye.

Kabla ya kugusa programu yoyote, chukua karatasi ukokotoe athari kubwa kabisa inayowezekana. Namba zifuatazo ni za mfano, weka za kwako. Tuseme tani ya mafuta inafika Dar es Salaam kwa dola 700, na dola ni shilingi 2,300. Hiyo ni shilingi 1,610 kwa kilo. Ushuru ukipanda kwa pointi 15 za asilimia, kilo ya mafuta yanayoagizwa inaongezeka shilingi 242 hivi. Tuseme kilo moja ya alizeti kwenye mashine ndogo inatoa robo kilo ya mafuta. Hata kama mwagizaji, mkamuaji na dalali wote wataipitisha nyongeza yote bila kubakiza senti, kilo ya alizeti haiwezi kupanda zaidi ya shilingi 60 hivi. Kwa gunia la kilo 65 hiyo ni kama shilingi 3,900. (Nimeiacha VAT pembeni ili hesabu isomeke, kwenye tasnifu usiiache, kwa kuwa hutozwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru.)

Shilingi 60 ndiyo dari yako. Regresheni ikikwambia ushuru ulipandisha alizeti kwa shilingi 300 kwa kilo, usishangilie. Kuna kitu kingine kimeingia ndani ya makadirio. Na kwa kuwa ushuru ni asilimia ya thamani, ulinzi kwa shilingi hukua wenyewe bei ya dunia inapopanda na husinyaa inaposhuka, yaani pale mkulima anapouhitaji zaidi. Kwa sababu hiyo kigezo chako kisiwe sifuri kabla ya 2018 na moja baada yake. Kiwe kiwango cha ushuru cha mwezi ule mara bei ya bandarini ya mwezi ule, kwa shilingi.

Kiwango chenyewe usikitoe gazetini mtaani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja, na nchi moja ikitaka kiwango tofauti huomba ruhusa ya mwaka mmoja. Ruhusa hizo huchapishwa kwenye Gazeti la Jumuiya, kwa kawaida mwishoni mwa Juni. Pitia matoleo yote ya miaka unayoichunguza, mstari kwa mstari, ukifuata namba za bidhaa: 1511.10 ni mawese ghafi, 1511.90 ni mawese mengine, 1512.11 ni mafuta ghafi ya alizeti au kartamu, na 1512.19 ni yaliyosafishwa. Viwango vimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu 2018, na asiyefuatilia mwaka kwa mwaka huchora mstari ulionyooka mahali penye ngazi.

Kiungo cha kwanza, yaani ushuru hadi bei ya mafuta Dodoma, ni mfululizo wa miezi. Chukua bei ya mafuta kutoka takwimu za mfumuko wa bei za Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), na bei ya mawese ya dunia kutoka jedwali la kila mwezi la Benki ya Dunia. Fanya kazi na mabadiliko ya mwezi hadi mwezi, si viwango. Mifululizo miwili inayopanda na wakati huonekana kama ndugu hata kama haijawahi kukutana. Ukitumia viwango utapata uhusiano mkubwa ambao ni kivuli cha mfumuko wa bei tu. Ruhusu athari ichelewe miezi mitatu hadi sita, maana waagizaji husikia harufu ya bajeti mapema na hujaza matangi Mei na Juni kwa ushuru wa zamani. Ukitegemea bei iruke tarehe 1 Julai utasema sera haikufanya kazi, kumbe mafuta ya ghala ndiyo yanauzwa.

Kwenye kiungo hiki pia angalia kama ushuru ulilipwa kweli. Raymond Fisman na Shang-Jin Wei, katika makala ya 2004, walilinganisha kile Hong Kong ilichoandika kuuza China na kile China ilichoandika kupokea, bidhaa kwa bidhaa. Kila pointi moja ya asilimia ya kodi iliendana na ongezeko la asilimia 3 hivi la ukwepaji. Wewe unaweza kufanya hivyo kwa Indonesia na Malaysia upande mmoja na Tanzania upande wa pili, kwa kutumia takwimu za biashara za Umoja wa Mataifa. Tazama hasa kama mafuta yaliyosafishwa yanapungua kwenye maandishi yetu huku ghafi yakiongezeka, ilhali upande wa muuzaji hakuna mabadiliko hayo. Tofauti ya pointi 10 kati ya ghafi na yaliyosafishwa ni kishawishi tosha. Kumbuka muuzaji huandika thamani bila usafiri na bima, mnunuzi huandika pamoja navyo, kwa hiyo linganisha tani badala ya dola. Mzigo wa kupita kwenda Kongo, Zambia au Rwanda nao huchanganya hesabu.

Kiungo cha pili ndicho kinachowashinda wengi, kwa sababu hapa watu hukimbilia zao lingine kuwa mlinganisho. Wazo si baya: mbegu za mazao mawili, mkoa uleule, mvua ileile, moja limeguswa na ushuru, lingine halijaguswa. Lakini pitia mazao ya kanda yetu moja moja uone. Mahindi? Serikali ilizuia kuuza mahindi nje katikati ya 2017, kisha ikafungua, kwa hiyo bei yake ya kabla imeinamishwa na amri nyingine. Mbaazi, zinazolimwa sana Kondoa na Manyara? India iliweka ukomo wa kuagiza Agosti 2017 na bei ikaporomoka. Ukiilinganisha alizeti na mbaazi, alizeti itaonekana imebarikiwa hata kama haikupanda shilingi. Ufuta? Umeingizwa kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani (mazao huwekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada) katika baadhi ya mikoa, na namna ya kuuza imebadilika. Karanga nazo zina mafuta, hivyo zimeguswa kwa mlango wa nyuma. Linalobaki na afadhali ni mtama na uwele, nao wana shida ya kuwa zao la chakula la shamba lilelile: mkulima akihamisha ekari kwenda alizeti, mtama unakuwa adimu na bei yake inapanda, kwa hiyo kundi lako la kulinganisha limeambukizwa.

Ushauri wangu ni kutotegemea zao moja. Fanya ulinganisho kwa mtama, kisha kwa uwele, kisha kwa mchanganyiko, na uchapishe majibu yote matatu hata yakipishana. Tena weka ndani bei ya mashudu. Mashudu huchukua sehemu kubwa ya uzito wa gunia baada ya mafuta kutoka, na mkamuaji hununua alizeti kwa kuangalia mapato yote mawili. Mwaka ambao wafugaji wa kuku wamehitaji mashudu sana, alizeti hupanda bila ushuru kuhusika.

Kuna jambo jingine la bei ambalo afisa wa halmashauri unalijua kuliko profesa. Tarehe 1 Julai 2017, mwaka mmoja kabla ya ushuru wa mafuta, ushuru wa mazao wa halmashauri ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mwenye mzigo usiofika tani moja akaruhusiwa kuvuka halmashauri bila kulipa. Bei anayopewa mkulima ingeweza kupanda kwa hilo peke yake. Anzisha kipindi chako cha kabla mapema zaidi ya hapo, na uweke kigezo cha badiliko hilo.

Bei zote zigeuze kuwa kwa kilo. Gunia la Mpwapwa si gunia la Mkalama, debe hutofautiana, na lumbesa ni ushuru usioandikwa. Msako wa lumbesa ukipita msimu mmoja, bei ya gunia itashuka huku bei ya kilo ikiwa palepale au imepanda. Ukikosa uzito kwenye kumbukumbu za zamani, pima magunia 30 katika masoko matatu, andika wastani na mtawanyiko, na uonyeshe jibu lako linabadilikaje uzito ukishuka au kupanda kwa kilo tano.

Kiungo cha tatu, ekari, ndicho chenye matumaini makubwa kwa takwimu tulizonazo, na ndicho ningekishauri kiwe moyo wa tasnifu. Bei haitofautiani sana kati ya wilaya na wilaya kwa sababu malori hutembea, lakini nafasi ya kulima alizeti hutofautiana. Wilaya zilizokuwa tayari na alizeti nyingi kabla ya 2018 ziliguswa zaidi na ushuru; zile za mpunga au zabibu ziliguswa kidogo. Pima sehemu ya ardhi iliyokuwa chini ya alizeti zamani, zidisha na kipindi cha baada, ondoa tofauti za kudumu za kila kaya na za kila mwaka, weka mvua. Hiyo ndiyo tofauti ya tofauti, yaani badiliko la kundi lililoguswa sana ukitoa badiliko la lililoguswa kidogo.

Takwimu ni hizi. Sensa ya kilimo ya 2002/03, ya 2007/08 na ya 2019/20 zinakupa picha hadi ngazi ya wilaya. Utafiti wa kaya wa kufuatilia, ule wa NBS na Benki ya Dunia, una awamu za 2008/09, 2010/11, 2012/13, 2014/15 na 2020/21, ukiwa na awamu ndogo ya 2019/20. Hapa soma maelezo ya sampuli kwa makini: mwaka 2014/15 sampuli ilichaguliwa upya, kaya nyingi ni mpya, na awamu ya 2020/21 iliwafuata hao wapya. Ukiunganisha kaya ya 2008 na ya 2020/21 kwa namba tu, utakuwa umewaoanisha watu wasiojuana. Isitoshe, sampuli hiyo haikuundwa iwakilishe mkoa mmoja. Ya 2008/09 ilikuwa na kaya 3,265 nchi nzima, kwa hiyo Dodoma na Singida zina vijiji vichache. Tumia kaya za vijijini za nchi nzima, siyo za mikoa miwili.

Mipaka nayo imetembea. Bahi na Chamwino zilitoka Dodoma Vijijini. Chemba ilikatwa kutoka Kondoa, Mkalama kutoka Iramba, Ikungi kutoka Singida Vijijini. Rudisha wilaya zote kwenye mipaka ya sensa ya zamani kabla ya kulinganisha. Asiyefanya hivyo huandika kuwa eneo la alizeti Kondoa limeanguka vibaya, kumbe limehamia Chemba kwenye makaratasi.

Mguso wa wilaya, yaani ile sehemu ya ardhi iliyokuwa chini ya alizeti, upime kwa sensa ya 2007/08, na ekari uzipime kwa utafiti mwingine. Ukitumia chanzo kimoja na mwaka mmoja kwa vyote viwili, kaya iliyolima nyingi kwa bahati mwaka ule itaonekana imepunguza, na utapata athari hasi isiyokuwepo.

Kalenda ya kanda ya kati izingatie. Alizeti hupandwa zaidi Januari na kuvunwa Mei hadi Julai. Ushuru wa Julai 2018 ulikuta mavuno yanamalizika. Msimu wa kwanza ambao mkulima angeweza kuujibu kwa jembe ni ule uliopandwa Januari 2019. Na funga dirisha lako kwenye mavuno ya 2021, usisogee mbele. Kuanzia msimu wa 2021/22 serikali ilisambaza mbegu za alizeti za ruzuku Dodoma, Singida na Simiyu, yaani kwenye wilaya zilezile zenye mguso mkubwa. Baada ya hapo hakuna hesabu itakayotenganisha ushuru na mbegu.

Mvua ipate kutoka CHIRPS, takwimu za mvua zinazotokana na setelaiti na vituo vya kupimia, inayotoa makadirio tangu 1981 kwa vipande vya kama kilomita tano. Viwianishi vya vijiji kwenye utafiti wa kaya vimesogezwa makusudi kulinda siri za watu, kwa kawaida hadi kilomita tano vijijini. Kwa mvua hilo halidhuru sana, ila usipime umbali hadi mashine ya kukamua kwa viwianishi hivyo.

Sasa mtego ambao umeangusha tasnifu nyingi zilizo safi kwa mengine yote. Tuseme kaya za wilaya zenye alizeti nyingi zilipanda kutoka ekari 2.0 hadi 2.9, na za wilaya zenye kidogo kutoka 0.5 hadi 0.9. Kwa ekari, kundi la kwanza limeongeza 0.9 na la pili 0.4, tofauti ni 0.5 na ushuru umefanya kazi. Kwa asilimia, la kwanza limeongeza 45 na la pili 80. Ushuru umeonekana kuwadhuru. Takwimu ni zilezile. Amua kabla ya kufungua faili kama unapima ekari au asilimia, andika sababu, kisha onyesha majibu yote mawili. Kinachokusaidia kuamua ni mwenendo wa kabla ya 2018: kipimo ambacho makundi mawili yalikwenda sambamba ndicho chenye haki ya kutumika. Kwa sensa mwenendo huo ni hatua moja tu, 2002/03 hadi 2007/08, na lazima useme hivyo waziwazi.

Kuhusu kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi jibu lako linavyoweza kuyumba kwa bahati tu, usikubali lile linalokuja lenyewe kwenye programu. Marianne Bertrand, Esther Duflo na Sendhil Mullainathan walibuni sheria za uongo, wakazigawa ovyo kwa majimbo ya Marekani, kisha wakapima "athari" yake kwa mishahara ya wanawake. Kwa njia ya kawaida, sheria hizo ambazo hazikuwepo zilionekana kuwa na athari ya kitakwimu hadi mara 45 kati ya 100, badala ya mara 5. Sababu ni kwamba mwaka huu wa jimbo hufanana na mwaka jana wake, na programu huhesabu kila mwaka kama ushahidi mpya. Makosa yako yafunge kwa wilaya, yaani miaka na kaya zote za wilaya moja zihesabiwe kama kundi moja. Ukibaki na Dodoma na Singida peke yake una halmashauri 15, ambazo ni chache mno hata kwa kufunga. Hapo tumia njia ya kugawa mguso upya kwa bahati nasibu mara 1,000 na uone jibu lako la kweli linaangukia wapi kati ya hayo ya uongo. Kisha jifanye ushuru ulipandishwa 2011 na urudie kila kitu kwa awamu za 2008/09 hadi 2012/13. Ukikuta athari, rudi mezani.

Kiungo cha nne kinahitaji ujasiri wa kuhesabu na upande wa mnunuzi, na hapa ndipo mtu wa mipango anapaswa kukaa muda mrefu. Rudi kwenye mfano wetu. Kaya inayotumia lita mbili za mafuta ya dukani kwa mwezi ingelipa nyongeza ya kama shilingi 222 kwa lita, jumla 5,300 kwa mwaka. Aliyeuza magunia matano ya alizeti anapata nyongeza ya 19,500 na kubaki na faida ya 14,200. Aliyeuza gunia moja anapata 3,900 na kupoteza 1,400. Mstari wa kuvuka ni kilo 88 hivi. Chini ya hapo, mkulima wa alizeti mwenyewe ameumia kwa sera iliyoandikwa kwa jina lake, na asiyelima kabisa, wa Dodoma mjini au wa Bahi, ameumia kamili. Angus Deaton alitumia mantiki hii kwa mchele wa Thailand katika makala ya 1989, akionyesha kaya gani hufaidika bei ikipanda na zipi hukatwa. Tumia utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 kuchora kaya zote kwenye mstari huo. Zitenge zinazokamua alizeti yao wenyewe kwa matumizi ya nyumbani, kwa kuwa hizo hazinunui dukani na ukizihesabu kama wanunuzi utaongeza hasara isiyokuwepo.

Msimamizi wako ana haki ya kutaka ulimwengu uonekane ndani ya kazi yako. Uonekane kwa mbinu. David Card na Alan Krueger, katika makala ya 1994, hawakukusanya nchi. Walichukua migahawa 410 ya New Jersey na mashariki ya Pennsylvania, wakapima ajira kabla na baada ya New Jersey kupandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa mwezi Aprili 1992. Majirani wawili waliochunguzwa vizuri walibadilisha mjadala kuliko majedwali ya nchi nyingi, na wapinzani wao walipoleta takwimu nyingine, Card na Krueger walirudi na kumbukumbu za ajira za serikali mwaka 2000. Karibu na wewe zaidi, Chamwino, pamoja na Bagamoyo na Kibaha, ilikuwa kwenye majaribio ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ya kuzipa kaya maskini fedha kwa masharti: vijiji 80, nusu vikachaguliwa kwa bahati nasibu kuanza, nusu vikasubiri. Kaya zilizopokea zilikata zaidi bima ya afya ya jamii, zikanunulia watoto viatu na kuongeza mbuzi na kuku. Pale kiti cha mkulima asiyepokea kilikaliwa na mtu halisi wa kijiji cha jirani. Wewe huna bahati nasibu hiyo, kwa kuwa ushuru uliwagusa wote siku moja.

Uganda inayolima alizeti upande wa kaskazini itakuvutia kama jirani wa kulinganisha. Itumie kama kipimo cha pembeni tu. Ipo ndani ya umoja uleule wa forodha, na mafuta na mbegu huvuka mpaka, kwa hiyo sera ya Tanzania inaweza kuigusa.

Anza na kitu kilicho ofisini kwako. Pata barua ya chuo, ipitie kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ifike kwa wakurugenzi wa halmashauri, na uombe kumbukumbu za ushuru wa mazao za vizuizini: tarehe, zao, uzito, kiasi kilicholipwa. Ukigawa kiasi kwa kiwango na kwa uzito unapata bei iliyotumika, wiki kwa wiki, jambo ambalo hakuna utafiti wa taifa unalokupa. Kuna tahadhari mbili. Halmashauri nyingi hutoza kwa bei elekezi iliyopangwa mwanzo wa msimu, si ya soko. Ukiona bei haibadiliki kuanzia Juni hadi Desemba, hiyo ni elekezi, itupe. Na jumla ya tani usiitumie kama kipimo cha uzalishaji, kwa sababu baada ya 2017 mizigo midogo iliacha kukata risiti, na mashine za kielektroniki za kukusanyia mapato zilipoingia makusanyo yalipanda bila shamba hata moja kuongezeka. Omba tarehe ambayo kila kizuizi kilipokea mashine yake, uiweke kwenye safu ya peke yake kwenye faili.